Mbona mtego wako wa fremu haunasi mtu?

Maswali ninayoulizwa na wachezaji wa Street Fighter 6 (SF6), gemu ya mapigano, kuhusu mitego ya fremu yanajirudia hadi nimeyakariri. Mtego wa fremu ni kuacha mwanya mdogo kati ya mapigo yako mawili, ili mpinzani anayebonyeza humo apigwe. Mmoja analalamika kwamba anapigwa kabla mtego haujafyatuka. Mwingine anasema mpinzani katulia tu nyuma ya kinga, habonyezi kitu. Wa tatu ananasa vizuri, halafu anabaki kumtazama mtu akijiondokea. Nimeyapanga hapa kwa dalili, na chini ya kila dalili visababishi vinaanza na kile ninachokikuta mara nyingi zaidi. Usiruke hatua. Nimeshaona watu wakinunua pedi mpya ya kuchezea wakati kosa lilikuwa kwenye hesabu ya kutoa ya darasa la pili.

Hesabu yenyewe, kabla ya dalili yoyote

Gemu inakwenda fremu (picha) 60 kwa sekunde, kwa hiyo fremu moja ni kama milisekunde 16.7. Kila pigo lina idadi ya fremu za kuanza kabla halijagusa, na lina namba yake likikingwa. Ikiwa ni +2, unaachiwa huru fremu 2 kabla ya mpinzani. Ikiwa ni -2, yeye ndiye anayetangulia.

Chukua fremu za kuanza za pigo lako linalofuata, toa faida uliyo nayo. Kama una hasara, jumlisha. Jibu linakuambia pigo lako litamfikia kwenye fremu ya ngapi tangu alipoachiwa.

Jibu likiwa sifuri au chini yake, hakuna upenyo. Bado amefungwa kwenye kinga na hata akibonyeza vidole viume hakitoki kitu. Likiwa 1 hadi 3, huo ndio mtego, maana jabu (ngumi nyepesi) za haraka za wahusika wengi wa SF6 zinaanza kwa fremu 4 na wewe unafika kwanza. Likiwa 4 mnagongana, wote mnaumia. Kuanzia 5, jabu yake inakutangulia.

Tuseme pigo lako likikingwa ni +2. Ukifuatisha pigo la fremu 5, jibu ni 3: mtego mzuri. Ukifuatisha la fremu 6, jibu ni 4: mnagongana. Ukifuatisha zito la fremu 9, jibu ni 7, na hapo umempa mwenzio zamu ya bure. Namba za kila mhusika zimo ndani ya gemu yenyewe, na hubadilika Capcom, watengenezaji wake, wanapotoa marekebisho, hivyo zisome humo, usitegemee video ya mwaka juzi.

Dalili ya 1: "Nabonyeza mtego, lakini yeye ndiye anayenipiga"

Hii ndiyo malalamiko nambari moja, na mara nyingi hakuna siri yoyote: pigo la kwanza halina faida uliyodhani. Watu wengi huamini kwamba wakipiga wao na mwenzao akakinga, basi zamu bado ni yao. Siyo. Mapigo mengi ya kawaida yakikingwa yanakuacha na hasara ndogo. Jabu ya -1 ikifuatwa na jabu nyingine ya fremu 4 iliyobonyezwa upya inatoa jibu la 5. Umepoteza kwa fremu moja, na utapoteza hivyo hivyo mara mia.

Ukaguzi wa kwanza ni wa dakika tano. Ingia chumba cha mazoezi, washa kipimo cha fremu chini ya skrini, kisha nenda kwenye mipangilio ya kujibu na umwambie kikaragosi (mhusika wa kufanyia mazoezi) ajibu kwa jabu ya haraka kila anapomaliza kukinga. Fanya mtego wako mara kumi. Ukipigwa mara zote kumi, namba ndiyo mbaya; badilisha pigo. Ukipigwa mara nne na kushinda sita, namba ni nzuri ila mkono wako unachelewa.

Mkono unaochelewa ndio kisababishi cha pili. Tazama safu yako kwenye kipimo: baada ya pigo la kwanza kuisha, je, kuna visanduku vitupu kabla pigo la pili halijaanza? Kila kisanduku kitupu ni fremu uliyomzawadia mpinzani. Mtego wa 3 wenye visanduku viwili vitupu ni mtego wa 5, yaani si mtego tena. Tiba yake ni kubonyeza mapema kidogo. SF6 ina bafa ya fremu chache: ukibonyeza kabla tu ya kuachiwa, gemu inalishika pigo na kulitoa kwenye fremu ya kwanza inayowezekana. Wanaotoka kwenye gemu za zamani huona kama wanadanganya. Wazoee tu.

Cha tatu ni umbali. Kila pigo linalokingwa linawasukuma mbali. Baada ya mapigo mawili au matatu, lile zuri la fremu 5 linapita hewani, na mpinzani anaadhibu mkono uliobaki umenyooka. Usijaribu kwenye kona tu; jaribu katikati ya uwanja pia, na jaribu ukiwa umeanza kwa umbali, siyo mmegusana vifua. Kama mtego wako unafika tu mkiwa mmegusana, huo ni mtego wa kuanzia msururu. Usiutumie kumalizia.

Kama hayo yote yako sawa na bado unapigwa, angalia unapigwa na nini. Ikiwa ni shoryuken (ngumi ya kuruka juu) au Super (pigo kuu la mhusika), nenda dalili ya 3.

Dalili ya 2: "Hakuna anayenasa, wanakinga tu"

Mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwamo. Wa fremu hunasa anayebonyeza tu. Kama mpinzani hana sababu ya kubonyeza, unaweza kuwa na namba safi kuliko zote duniani na usivune kitu.

Kisababishi kikubwa hapa ni kwamba hujamkaba hata mara moja. Nikiombwa kutazama marudio ya mechi ya mtu mwenye malalamiko haya, huwa nahesabu kitu kimoja tu: amemkaba na kumrusha mpinzani mara ngapi? Jibu la kawaida ni sifuri au moja. Fikiria upande wa pili. Kama wewe unapiga tu, kukinga hakumgharimu karibu kitu, basi atakinga hadi kesho. Mkabe. Mkabe tena. Ukaguzi wa haraka: fanya raundi moja nzima ambayo kila unapopata faida mkiwa karibu, unakaba, hata ukipoteza raundi hiyo. Ya pili, rudisha mtego. Nilimpa jirani yangu zoezi hili. Alikuwa ananiita mchawi hadi alipogundua kwamba mimi sijamfundisha pigo lolote jipya.

Hapa pana jambo ambalo waelekezaji wengi hulipita. Mtu aliyechoka kukabwa hujibu kwa moja ya njia mbili, na kila njia ina mtego wake. Wa kwanza anabonyeza jabu mara tu anapoachiwa. Huyo analiwa na mtego wa 1 hadi 3. Wa pili ni mjanja zaidi: anaendelea kukinga kwa muda kidogo, kisha anabonyeza kukaba kwa kuchelewa, ili kama umepiga awe amekinga na kama umekaba awe amejinasua. Huyu mtego mkali haumpati kamwe, kwa sababu pigo lako linafika angali anakinga. Yeye anataka mtego uliocheleweshwa, ufike pale ambapo kidole chake kimeshashuka. Au usipige kabisa: rudi nyuma hatua moja, mkabo wake upite hewani, kisha mwadhibu. SF6 inahesabu adhabu hiyo kuwa Punish Counter, na inamwacha ameduwaa muda mrefu kuliko kaunta ya kawaida (kumpiga wakati pigo lake linaanza).

Utajuaje una yupi mbele yako? Tazama anachofanya baada ya kukinga jabu zako ukiwa hujafanya lolote. Simama tu uone. Akitoa jabu, ni wa kwanza. Akirusha mikono kukaba hewa, ni wa pili. Sekunde moja ya kutofanya kitu inakupa habari kuliko mitego kumi ya kubahatisha.

Kisababishi cha pili cha dalili hii ni cha kiufundi: hakuna upenyo. Jabu nyepesi za SF6 zinaungana kwa mnyororo. Ukizibonyeza haraka haraka, ya pili inakatiza ya kwanza na mpinzani hapati hata fremu moja ya kukosea. Kwenye kipimo utaona kikaragosi hajawahi kuachiwa. Dawa ni kuchelewesha ile ya pili au ya tatu kidogo, ndani ya muda ambao mnyororo bado unakubali. Usibonyeze kwa mdundo mmoja wa ta-ta-ta. Fanya ta-ta, kidogo, ta. Mdundo huo ukiuzoea mkononi, huhitaji pigo lenye faida ili kutega.

Cha tatu kinawakuta hata wazoefu. Mpinzani akiishiwa Drive (kipimo chake cha nguvu) na kuingia Burnout, yaani hali ya kuchoka, kila pigo lako analokinga linakupa fremu 4 za ziada. Mtego wako wa 3 unakuwa -1, yaani upenyo umezibika wenyewe. Watu wanashangaa: "Mbona alikuwa ananasa, sasa amechoka ndiyo hanasi?" Kwa sababu humruhusu. Akiwa kwenye Burnout, ama hamia mapigo ya taratibu zaidi ili mwanya urudi, ama acha kutega na mpeleke kwenye kona umgonge na Drive Impact (pigo zito lenye ngao). Mimi nachagua kona kila mara.

Dalili ya 3: "Kila nikitega napigwa shoryuken, Super au Drive Impact"

Hapa mtego wako unafanya kazi barabara. Mpinzani ameuona mwanya na ameamua kuulipia.

Shoryuken ya Overdrive (toleo lililoongezwa nguvu) ya wahusika Ryu au Ken haigusiki tangu fremu ya kwanza, na Super ya kiwango cha 3 ni hivyo hivyo kwa kila mhusika. Hakuna mtego wenye mwanya unaoshinda hivyo. Lakini Overdrive inagharimu vipande 2 kati ya 6 vya Drive, na ikikingwa anabaki hewani akisubiri adhabu. Kwa hiyo usiharakishe kuacha kutega. Kagua kwanza kama anafanya hivyo kwa tabia: je, ni kila baada ya jabu mbili? Kila akiwa na afya ndogo? Ukishaijua saa yake, piga jabu zilezile mbili, kisha kinga. Mwache aruke peke yake.

Drive Impact ni kesi nyingine. Inachukua fremu 26 kuanza na ina ngao inayomeza mapigo mawili. Pigo zito moja la taratibu ndilo chakula chake. Ukikuta unaliwa nayo sana, kwanza angalia kama mitego yako yote inaishia kwa pigo moja zito lisiloweza kukatizwa. Badala yake tumia pigo la kati unaloweza kulikatiza, ili ukiona ile rangi na kusikia ule mlio, ulikatize kwa Drive Impact yako mwenyewe. Ya aliyechelewa kuitoa ndiyo inayoshinda. Msururu wa mapigo matatu ya haraka nao unaivunja ngao. Ukiwa huru na karibu, unaweza hata kumkaba, maana ngao haizuii mkabo.

Jipe pia mazoezi haya: kikaragosi wa kukinga, anayejibu kwa kubahatisha kati ya kutofanya kitu na Drive Impact. Dakika kumi kwa siku. Yanachosha kama kufagia uwanja wenye mwembe, lakini hakuna njia ya mkato.

Dalili ya 4: "Nimepata kaunta, kombo haiji"

Kaunta inaongeza fremu 2 za mpinzani kubaki ameduwaa, na asilimia 20 ya maumivu. Fremu mbili hizo ndizo zinazofungua viunganishi ambavyo kwa kawaida havipo. Kama kombo yako (msururu wa mapigo yanayoungana) inategemea kaunta lakini wewe unaifanya kila mara, nusu ya nyakati itakingwa na utalia.

Kisababishi ninachokikuta zaidi kinachekesha: kwenye chumba cha mazoezi, mtu aliweka kikaragosi apigwe kaunta muda wote, akasahau. Wiki tatu anafanya kombo ambayo haipo kwenye mechi za kweli. Fungua mipangilio, rudisha kaunta kwenye kawaida au kubahatisha, uone kombo ipi inabaki.

La pili ni macho. Kuona kitu na kukijibu kunamchukua mtu wa kawaida karibu robo sekunde, yaani fremu 15 hivi. Pigo moja la haraka halikupi muda huo. Chagua pigo la mtego linalounganishwa kwa kubonyeza upya baada ya kuona, siyo lile linalodai kukatizwa papo hapo. Zito likipata kaunta linakupa muda mrefu zaidi wa kutazama. Jepesi malizia kwa kitu kidogo kilicho salama na uridhike.

Dalili ya 5: "Mazoezini ni safi, mtandaoni hovyo"

Mtandao haubadilishi hesabu. Mtego wa 3 nyumbani ni mtego wa 3 hata ukicheza na mtu wa Ulaya kwa pingi (ucheleweshaji wa mtandao) ya kutisha. Kinachobadilika ni unachokiona na lini unakiona. Gemu inabahatisha mwenzio atabonyeza nini, na habari za kweli zikichelewa kufika inarudi nyuma na kujirekebisha. Ndiyo maana pigo lililoonekana kugusa linageuka ghafla kuwa wewe uliyepigwa. Mitego inayotoka kwenye bafa huathirika kidogo. Ile ya kuchelewesha kwa jicho huharibika kabisa. Pingi ikiwa mbaya, tega kwa mdundo wa mkono tu, na usitegemee kujibu Drive Impact kwa wakati.

Kagua kwa mpangilio huu: acha Wi-Fi, tumia waya kama unaweza, zima upakuaji wa simu na kompyuta za nyumbani, kisha runinga. Runinga ndiyo mchawi asiyeshukiwa. Kwenye kibanda cha gemu nilikojifunzia kulikuwa na TV kubwa mpya ambayo wote tulijivunia, na wote tulipoteza mitego yetu kwayo. Mwenye kibanda alidhani tunamsingizia. "Dogo, TV ya bei hii iwe na kosa?" Siku alipokubali kuwasha modi ya gemu kwenye mipangilio ya picha, yule aliyekuwa akiitwa mzito alishinda mechi sita mfululizo na akagoma kumpisha mtu.

Mwisho pedi. Washa maonyesho ya vitufe kwenye chumba cha mazoezi, bonyeza kitufe kimoja polepole mara 20. Kikisajiliwa mara 18, au kimoja kikitokea mara mbili, kosa si lako. Kufuta uchafu kwa kitambaa kikavu ni salama.

Simama hapa, mwite fundi. Pedi isiyo na waya ikivimba mgongoni, ikipata joto isipochezwa, au ikitoa harufu, acha kuichaji na usiifungue wala kuitoboa. Betri ya lithiamu inaweza kuwaka. Usifungue umeme wa ndani wa mashine ya gemu wala wa TV hata kama umechomoa waya, kwa sababu kapasita zake hubaki na chaji.

Kwa wa Tekken

Kanuni ni ileile, namba tofauti. Kwenye Tekken 8, gemu nyingine ya mapigano, jabu ya haraka ni fremu 10, na jabu ya kawaida ikikingwa inakupa +1. Jabu juu ya jabu inatoa 9, unashinda. Ila jabu ni pigo la juu: akichuchumaa, imepita. Ukitaka pigo la katikati la fremu 13 lishinde jabu yake, unahitaji +4 au zaidi. Na usisahau hii ni gemu ya pande tatu. Anayekunyima mtego mara nyingi habonyezi wala hakingi, anapiga hatua ya pembeni. Akikwepa upande uleule mara mbili, tumia pigo linalofagia upande huo.

Maumivu ya mkono

Ninaiweka dalili hii kwa sababu inaletwa kwangu kama swali la ufundi: "Siku hizi nachelewa kubonyeza." Nikiuliza zaidi, kidole gumba kinauma kwenye shina, au vidole vitatu vya kwanza vinakufa ganzi usiku. Pumzisha mkono siku kadhaa, punguza vipindi, legeza mshiko wa pedi. Ganzi ikirudi, maumivu yakikuamsha usingizini, au ukianza kuangusha vikombe, usitafute mazoezi ya viungo kwenye video. Nenda kwa daktari umweleze unacheza saa ngapi kwa siku, na umtajie saa za kweli.